Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Elimu: Sura ya Mageuko Irudishwe Darasani

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Elimu,
Wakurugenzi wa taasisi za mitaala,
Wenyeviti wa mabaraza ya mitihani,
Popote mlipo.

YAH: KUONDOLEWA NA KUFICHWA KWA SOMO LA MAGEUKO YA VIUMBE KWA KUHOFIA WENYE IMANI YA UUMBAJI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima inayostahili nafasi zenu. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na ni mtu wa ibada. Nayasema yote mawili mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba naandika kwa chuki dhidi ya dini. Haya ninayoyaandika nilikwisha kuyapeleka kwa njia ya kawaida, kupitia ngazi zinazohusika, nikiuliza kwa nini sura ya mageuko ya viumbe, yaani maelezo ya kisayansi ya jinsi aina za viumbe zilivyobadilika kizazi hadi kizazi kutoka aina zilizotangulia, inazidi kupunguzwa na kusogezwa mwishoni mwa mwaka, mahali ambapo vipindi huwa vimekwisha. Jibu nililopata lilikuwa la mdomo: suala ni nyeti, tuliache. Nimeendelea kufuatilia, na sijapewa jibu jingine. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Dai langu ni hili. Namna imani ya uumbaji inavyopokewa katika nchi huamuliwa kwa kiasi kikubwa na uthabiti au woga wa wenye mamlaka ya elimu. Wingi wa waumini peke yake hauelezi jambo hili. Nchi zenye dini moja na kitabu kitakatifu kimoja zimefika mahali tofauti kabisa, na tofauti hiyo imepitia katika ofisi kama zenu.

Ninaposema imani ya uumbaji, simaanishi kuamini kwamba Mungu ndiye Muumba. Hilo wanaliamini mamilioni kwa mamilioni ya watu wasio na ugomvi wowote na biolojia, nami nimo. Namaanisha fundisho mahususi: kwamba kila aina ya kiumbe iliumbwa kama ilivyo leo na haikutokana na aina nyingine, na kwa baadhi ya wafuasi wake, kwamba dunia yenyewe haizidi umri wa miaka 6,000 hadi 10,000. Wapo wanaokubali kwamba dunia ina miaka bilioni 4.5 lakini wanakataa mageuko. Wapo, hasa miongoni mwa Waislamu, wanaokubali mageuko ya mimea na wanyama lakini wanamtoa binadamu peke yake. Hawa ni watu tofauti wenye hoja tofauti, na wizara inayowaogopa wote kwa pamoja bila kuwasikiliza hata mmoja haijawaheshimu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mnaitwika dini lawama isiyo yake.

Kila sura ya mageuko inapoguswa, sababu inayonong'onwa ni kwamba waumini hawataki. Waumini gani? Mwaka 2013 kituo cha utafiti cha Pew kilichapisha matokeo ya kuwahoji Waislamu wa nchi nyingi. Kazakhstan, asilimia 79 walisema binadamu na viumbe vingine wamebadilika kadiri ya nyakati. Lebanon, asilimia 78. Iraq, asilimia 27. Afghanistan, asilimia 26. Qurani ni ile ile. Kilichotofautiana ni historia ya nchi, hali ya shule zake, na kile ambacho serikali kwa miongo mingi imeruhusu au imekataza kifundishwe. Iran inaongozwa na wanazuoni wa dini, na mageuko yamo katika vitabu vyake vya biolojia vya shule. Jirani yake Uturuki, ambayo katiba yake inaitaja kuwa dola isiyo ya kidini, iliamua mwaka 2017 kuyaondoa sekondari.

Kwa upande wa Wakristo, Papa Pius wa XII aliandika mwaka 1950 kwamba Kanisa halizuii wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu kutoka viumbe vilivyotangulia, mradi roho itambuliwe kuwa imetoka kwa Mungu. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliwaambia wanasayansi wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi kwamba maarifa mapya yanaifanya nadharia ya mageuko kuwa zaidi ya dhana tu. Papa Fransisko alirudi kwenye jambo hilo mwaka 2014, akionya dhidi ya kumfikiria Mungu kama mfanya mazingaombwe.

Na tazameni kilichotokea katika jimbo la Arkansas, Marekani. Mwaka 1981 jimbo lilitunga sheria ya kulazimisha uumbaji ufundishwe sambamba na mageuko. Waliokwenda mahakamani kuipinga ni pamoja na maaskofu wa Methodisti, wa Kiepiskopali, wa Katoliki na wa Kanisa la Methodisti la Waafrika la Kiepiskopali, pamoja na wachungaji wa Kipresbiteri na wa Kibaptisti. Kesi yenyewe inabeba jina la mchungaji. Viongozi hao wa dini waliona hatari ambayo watunga sheria hawakuiona: serikali ikianza kuamua ni tafsiri ipi ya Maandiko iingie darasani kama sayansi, kesho itaamua na itakayohubiriwa.

Mwaka 2006, zaidi ya vyuo vya kitaifa vya sayansi 60 vilitia saini tamko moja la kuzitaka serikali ziwafundishe watoto ukweli wa mageuko. Cha Iran kilitia saini. Cha Israel kilitia saini. Cha Palestina kilitia saini. Sijui jambo jingine lililowaweka hawa watatu kwenye karatasi moja, na nashangaa wizara ngapi zimewahi kuisoma karatasi hiyo.

2. Mnafuta kimya kimya, kisha mnaita kupunguza mzigo.

Zamani mageuko yalipigwa marufuku waziwazi. Siku hizi yanapotea katika "mapitio ya mtaala". Uturuki mwaka 2017 ilisema mada ina utata na iko juu ya uwezo wa wanafunzi wa sekondari. India ilianza kwa kusema inapunguza mzigo wa masomo wakati wa janga la Uviko-19. Mwaka 2023 ikajulikana kwamba mageuko yameondolewa moja kwa moja katika kitabu cha sayansi cha darasa la 10. Maelezo yalikuwa kwamba mada hiyo bado ipo darasa la 12. Ipo kweli, lakini kwa wale tu watakaochagua biolojia. Darasa la 10 ndilo la mwisho ambapo kila mtoto wa nchi ile husoma sayansi. Mtoto atakayekuwa mwanasheria, mhasibu, mwanahabari au mbunge ataondoka shuleni bila kuelezwa hata mara moja viumbe wa dunia wamefikaje walivyo. Wanasayansi na walimu zaidi ya 1,800 walitia saini barua ya kupinga. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2018, naibu waziri katika wizara ya elimu ya nchi hiyo alisema hadharani kwamba Charles Darwin, mwasisi wa nadharia ya mageuko, alikosea kwa sababu hakuna aliyewahi kuona nyani akigeuka mtu. Waziri wake alimtaka aache kauli hizo, na vyuo vya sayansi vya nchi vikamkosoa. Kilichoshindikana kwa kauli ya kiongozi kikapita kwa kalamu ya mhariri wa mtaala.

Linganisheni na Serbia. Septemba 2004 waziri wa elimu Ljiljana Čolić aliamuru mageuko yasifundishwe mwaka ule kwa watoto wa shule ya msingi. Nchi ikapaza sauti, wakiwemo watu wa Kanisa la Kiorthodoksi. Ndani ya siku chache amri ikafutwa na waziri akajiuzulu. Mwaka huo huo Italia nayo ilikuwa imeyatoa mageuko katika mpango wa shule za kati. Wanasayansi na wananchi walipolalamika, waziri alirudi nyuma na kuunda kamati iliyoongozwa na Rita Levi-Montalcini, mshindi wa Tuzo ya Nobel. Korea Kusini mwaka 2012 wachapishaji walikuwa tayari kuondoa mifano kadhaa ya visukuku, yaani mabaki ya kale ya viumbe yaliyohifadhiwa ardhini, kufuatia maombi ya kundi la wanauumbaji. Serikali iliunda jopo la wataalamu, na Septemba jopo likasema mada ibaki.

Serbia ni ya Kiorthodoksi, Italia ni ya Kikatoliki, na Korea Kusini ina makanisa ya kiinjili yenye nguvu kubwa. Katika kila moja shinikizo lilikuwapo. Palipokuwa na uwazi, sura ilirudi. Palipokuwa na ukimya, ilipotea.

3. Mnakimbilia kusema "fundisheni pande zote mbili".

Hili ndilo kimbilio linalosikika kuwa la haki, na kwa hiyo linahitaji kuangaliwa kwa makini. Marekani wamelipitia kwa gharama kubwa, na hakuna sababu ya nchi nyingine kulianza upya.

Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria iliyokuwa ikikataza kufundisha mageuko huko Arkansas. Marufuku ilipokufa, ikaja njia ya pili: basi uumbaji upewe nafasi iliyo sawa. Arkansas na Louisiana zikatunga sheria za namna hiyo. Jaji William Overton aliitupa ile ya Arkansas Januari 1982, na mwaka 1987 Mahakama ya Juu ikaitupa ile ya Louisiana kwa kura 7 dhidi ya 2. Ikaja njia ya tatu. Bodi ya shule ya Dover, Pennsylvania, iliamuru mwaka 2004 wanafunzi wasomewe tamko kwamba nadharia ya Darwin ina mapengo, na kwamba yapo maelezo mengine: kuwa viumbe vimesanifiwa na mwenye akili ambaye hatajwi. Wazazi 11 wakashtaki. Jaji John E. Jones III, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alisikiliza wataalamu wa pande zote kwa wiki kadhaa, na tarehe 20 Desemba 2005 akatoa hukumu ya kurasa 139 akisema hoja hiyo ni ya kidini na haina sifa ya sayansi. Mahakama ilioneshwa rasimu za kitabu walichoelekezwa wanafunzi. Baada ya hukumu ya 1987, uumbaji ulikuwa umeondolewa katika rasimu na usanifu ukawekwa mahali pake, maelezo yakibaki yale yale. Wilaya ile ya shule ililipa takriban dola milioni moja kama gharama za mawakili wa wazazi. Wajumbe wa bodi waliogombea tena walikuwa wamekwisha kuangushwa na wapiga kura mwezi Novemba.

Lakini hata pasipo mahakama, swali linabaki. Mkisema pande mbili, upande wa pili ni wa nani? Wa anayesema dunia ina miaka 6,000? Wa anayesema ina mabilioni lakini viumbe havikubadilika? Wa Mwislamu anayemtoa binadamu tu? Wa Mhindu, ambaye maandiko yake yanahesabu zama kwa mamilioni ya miaka? Wa jamii zenye masimulizi ya kale ya asili ya watu, ambazo hazijawahi kuwa na kamati wala mawakili wa kuzisemea? Wizara haiwezi kuchagua mmoja bila kuwadhulumu wengine, na ikichukua wote haitabaki nafasi ya biolojia. Masimulizi haya yana thamani, na yana mahali pake katika masomo ya dini, fasihi na falsafa, ambako yanaweza kusomwa kwa kina yanachostahili.

Bunge la Baraza la Ulaya lililiona hilo. Tarehe 4 Oktoba 2007 lilipitisha azimio namba 1580 likizitaka nchi wanachama zipinge kufundisha uumbaji kama somo la sayansi, lakini likaacha mlango wazi kwa masomo ya dini. Azimio hilo lilikuja wakati shule za Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya zilikuwa zimepokea bila kuomba vitabu vikubwa vya picha vya kupinga mageuko, vilivyotumwa kutoka Uturuki.

4. Mwalimu mmemwacha peke yake.

Hili linanigusa, na nitalisema bila kulipamba.

Mwaka 1925 huko Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 kwa kufundisha mageuko. Hukumu ilitenguliwa baadaye kwa kasoro ya kisheria, lakini sheria yenyewe iliendelea kuishi hadi 1967. Leo nchi chache humpeleka mwalimu mahakamani. Kinachomtisha ni mzazi mlangoni, mkuu wa shule anayesema "usituletee maneno", na kutojua kama wizara itamtetea au itamkana.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2011 Michael Berkman na Eric Plutzer walichapisha katika jarida la Science majibu ya walimu 926 wa biolojia wa sekondari za umma nchini Marekani. Takriban asilimia 28 walifundisha mageuko ipasavyo. Asilimia 13 walitetea uumbaji waziwazi darasani. Waliobaki, takriban asilimia 60, walipita katikati: waligusia kidogo, wakawaambia wanafunzi wajifunze kwa ajili ya mtihani tu, au wakaliachia kila mtoto aamue mwenyewe. Hiyo ni nchi ambayo mahakama zake zimekuwa upande wa mwalimu tangu 1968. Fikirini hali ilivyo kwa mwalimu asiye na hukumu ya mahakama, asiye na waraka wa wizara, na ambaye chuoni alipewa mihadhara michache tu juu ya mada hii.

Pamoja na hayo, wapo waliosimama. Walimu wa sayansi wa Dover walikataa kulisoma lile tamko, wakisema maadili ya kazi yao hayawaruhusu kuwaambia wanafunzi jambo wanalojua si kweli. Ikabidi watu wa utawala waingie madarasani kulisoma wenyewe. Mwalimu asilazimike kuwa shujaa ili afundishe kilichomo katika silabasi.

5. Visukuku vinaonewa aibu katika nchi zilizovitoa.

Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili nchini Kenya walilitaka jumba la makumbusho la taifa lisivipe nafasi ya mbele visukuku vya zamadamu, yaani jamaa wa kale wa binadamu. Miongoni mwavyo ni mifupa ya kijana wa Turkana, mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1.5, ambaye Kamoya Kimeu alimgundua Nariokotome mwaka 1984. Richard Leakey, mtafiti wa visukuku wa Kenya, alipinga vikali, makumbusho hayakukubali, na yalipofunguliwa tena mwaka 2008 baada ya ukarabati visukuku vilikuwapo. Nawapongeza. Mtoto wa Kenya au wa Tanzania anayezuiwa kusikia habari za kijana huyo, za fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, au za nyayo za Laetoli zilizokanyagwa zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita, ananyimwa habari ambayo dunia nzima huifuata huko huko alikozaliwa. Afrika Kusini wanalijua vizuri hili. Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi mageuko hayakuwamo katika mitaala, ingawa visukuku vilichimbwa nchini humo. Yaliingia katika masomo ya darasa la 12 mwaka 2008.

6. Watu wanakufa kwa jambo msilotaka lifundishwe.

Mwaka 1945, akipokea Tuzo ya Nobel, Alexander Fleming alionya kwamba dozi ndogo ya penisilini itawafunza vijidudu kuihimili. Wanaohimili hubaki, huzaana, na kizazi kinachofuata kinakuwa chao. Hayo ndiyo mageuko, yanayotokea ndani ya mwili wa mgonjwa. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.27 duniani. Vimelea vya malaria vilianza kuishinda klorokwini mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini, vikafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Anthony Allison alionesha mwaka 1954, kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki, kwamba aliyerithi jeni ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria, na ndiyo sababu jeni hiyo imeenea palipo na malaria. Nifundisheje selimundu nikikatazwa kusema hayo? Nimwelezeje mwanafunzi kwa nini asiache dozi katikati?

Waheshimiwa, najua mtakayosema, kwa kuwa nimeyasikia.

Mtasema watoto ni wadogo mno. Uingereza, tangu Septemba 2014, mtaala wa taifa wa England unafundisha mageuko na urithi kwa watoto wa miaka 10 na 11. Ni serikali hiyo hiyo iliyotamka mwaka ule kwamba shule zinazolipiwa na umma zisifundishe uumbaji kama sayansi.

Mtasema ni nadharia tu. Hata maelezo ya kwamba vijidudu huleta magonjwa ni nadharia, na hakuna wizara iliyoyaondoa.

Mtasema ni fikra za kigeni. Basi tuulize na upande wa pili ulitoka wapi. Wanauumbaji wa Marekani walijijenga upya katika miaka ya 1960, kisha wakapeleka vitabu na wahubiri wao nje. Katikati ya miaka ya 1980 wizara ya elimu ya Uturuki ilichukua hoja zao, ikazitafsiri na kuzitia katika masomo ya biolojia, ingawa zilikuwa zimeandikwa na Waprotestanti. Korea Kusini ilipata chama chake cha wanauumbaji mwaka 1981. Hata jumba la makumbusho ya uumbaji lililofunguliwa Kentucky mwaka 2007 limeanzishwa na mtu wa Australia, Ken Ham. Mageuko nayo yamejengwa na watu wa kila namna, akiwemo Gregor Mendel, mtawa wa Brno, ambaye hesabu zake za njegere ndizo zilizokuja kuwa msingi wa elimu ya urithi.

Mtasema watu hawabadiliki. Shirika la kura za maoni la Gallup limekuwa likiwauliza Wamarekani swali lile lile tangu 1982. Mwaka huo asilimia 44 walisema Mungu alimuumba binadamu kama alivyo katika miaka 10,000 iliyopita. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 37. Ni mabadiliko ya polepole, lakini yapo, na yamekuja bila kumkamata wala kumnyamazisha mtu.

Kwa sababu hiyo sina budi kuwalaumu pia wale wa upande wangu. Mwaka 2008 Michael Reiss, mkurugenzi wa elimu wa Royal Society, chuo cha kitaifa cha sayansi cha Uingereza huko London, mwanabiolojia na pia kasisi wa Kianglikana, alisema mwalimu wa sayansi anapaswa kumjibu kwa heshima mwanafunzi anayeleta hoja ya uumbaji, badala ya kumfukuza na swali lake. Hakusema uumbaji ni sayansi. Ilimbidi ajiuzulu kwa kelele zilizofuata. Nadhani alionewa. Mwanafunzi aliyelelewa kuamini kwamba dunia ni changa anapoinua mkono darasani anauliza jambo linalogusa mama yake, baba yake na mahali anaposali. Akidhihakiwa, hatasikia neno jingine lolote mwaka mzima. Anahitaji mwalimu aliyeandaliwa kumjibu, na maandalizi hayo ni jukumu lenu.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo.

(a) Mageuko ya viumbe yafundishwe kabla wanafunzi hawajagawanyika katika michepuo, na yatahiniwe kama mada nyingine yoyote ya biolojia.

(b) Wizara itoe waraka wa maandishi unaosema wazi kwamba mwalimu anayefundisha mageuko kwa mujibu wa mtaala analindwa, na kwamba malalamiko juu ya mada yenyewe yapelekwe wizarani, yasipelekwe kwake.

(c) Vyuo vya ualimu vimwandae mwalimu katika mada hii na katika namna ya kumjibu mwanafunzi muumini bila kumdhalilisha. Viongozi wa dini wanaokubali sayansi waalikwe katika maandalizi hayo. Ni wengi kuliko mnavyofikiri.

(d) Imani za uumbaji, za dini zote na za mapokeo yote, zipewe nafasi ya heshima katika masomo ya dini na falsafa, na zisiletwe katika sayansi kwa jina lolote, jipya au la zamani.

(e) Sura yoyote ya sayansi ikikusudiwa kuondolewa au kuhamishwa, pendekezo litangazwe kabla ya uamuzi, likiwa na sababu na majina ya wataalamu waliolishauri, na wananchi wapewe muda wa kulijibu.

Ombi la mwisho ndilo ninalolisisitiza zaidi. Wizara ikishindwa mengine yote kwa sasa, hilo haligharimu fedha wala halimuudhi muumini yeyote.

Naomba jibu la maandishi, na litolewe hadharani kama ilivyotolewa barua hii, kabla ya mapitio yajayo ya mtaala. Kama kuna mtaalamu wenu anayeona nimekosea katika jambo lolote nililolitaja, niko tayari kukaa naye mbele ya walimu wenzangu, tufungue silabasi na vitabu, tuangalie ukurasa kwa ukurasa.

Wenu katika utumishi wa elimu,

Mwalimu wa Biolojia